Saa Tisa, Maiki Ikiwa Wazi

Kioko alinipigia simu asubuhi nikinyoa ndevu, shavu moja nimemaliza, lingine bado liko na povu. Hatukuwa tumeongea miaka saba. Hakusema hujambo, hakusema ni nani, alisema tu, "Posho, mama amepumzika." Sauti yake niliijua kabla hajamaliza neno la kwanza, kwa sababu kuna mwaka mmoja niliisikia hiyo sauti kuliko ya mtu yeyote niliyekuwa nalala naye nyumba moja. Nikamwambia pole, nikasema yale maneno watu husema. Akaendelea, "Nasikia siku hizi wewe ni MC. Nataka ushike maiki siku ya mazishi. Mama alikuwa anakupenda." Nikasema sawa. Nikaweka simu chini nikajiangalia kwa kioo, mtu wa mashavu mawili tofauti, nikaona hata kioo kimeshajua mambo yangu.

Nina miaka ishirini na saba. Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na wazee waliostaafu, wenye suti na picha za zamani. Mimi nilifika darasa la nane, na picha ya zamani niliyo nayo ni ya kitambulisho, nayo naonekana kama mtu ameibiwa kuku sasa hivi. Lakini huo mwaka mmoja nimeubeba vya kutosha, na kazi yangu ya kuchekesha watu kwa harusi imenifundisha kwamba kitu usichoweza kukisema kwa maiki, afadhali ukiandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nafanya kazi kwa kisiagi cha mahindi cha mzee mmoja hapa Migwani. Hicho kibanda bado ninakiota. Mabati juu, unga kila mahali, unga kwa madirisha, unga kwa buibui, buibui wenyewe weupe kama wazungu. Asubuhi akina mama walikuja na mahindi kwa ndoo, jioni wakaja tena, lakini kuanzia saa nane hadi saa kumi jua lilikuwa linachoma mpaka hakuna mtu wa kutoka kwake. Hayo masaa yalikuwa yangu. Nilikuwa nalala juu ya magunia ya wishwa, nafuta kioo cha simu kwa shati, naingia kwa gemu. Ilikuwa ile gemu ya kupigana, mnashuka kwa parashuti watu mia kwa kisiwa, mnatafuta bunduki, na kikosi kitakachobaki mwisho ndicho kimeshinda. Kikosi ni watu wanne. Unavaa masikio ya simu, unafungua maiki, mnaongea.

Hao wengine watatu gemu ndiyo ilinipatia, bila kuniuliza. Siku ya kwanza nilisikia mtu anasema kwa Kikamba, "Uka vaa," njoo hapa, nikashtuka mpaka nikapigwa risasi. Nilikuwa nimezoea kuwekwa na watoto wa Nairobi wanaokutukana kwa Kiingereza, tusi hata hulielewi ukasirike vizuri. Huyo wa kuniita alikuwa Mutinda, wa Zombe. Baada ya wiki moja tukampata Kioko wa Kalamba, upande wa Makueni, halafu Wanjiru, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakafungua duka Emali, kando ya barabara ya Mombasa. Kikamba chake kilikuwa cha kuuza, anajua kuhesabu na kusema hakuna kukopa. Tukafungua grupu, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mrefu nikawa admini. Kwa mwaka mzima hatukuwahi kuonana hata siku moja.

Lakini tulikuwa tunajuana, kwa sababu maiki haisikii mwenyewe peke yake. Ukifungua maiki umefungua nyumba. Kwa Mutinda kulikuwa na upepo na mbuzi, maana netiwaki ya kwao ilishika juu ya mwamba ambapo alikuwa anachunga, kwa hivyo tukamwita Mbuzi. Kwa Wanjiru lori zilikuwa zinapita zikipiga honi, tukamwita Honi. Mimi nikawa Posho, yaani unga wa mahindi, kwa sababu kuna siku tulibaki vikosi viwili tu kwa kisiwa, ushindi uko mlangoni, na mama mmoja akaingia na debe lake. Nikawasha kisiagi. Wenzangu wakafa bila kusikiana. Mutinda akaniambia, "Sasa wewe umetuua na ugali." Na Kioko alikuwa Ameni. Kila siku saa tisa kamili, nyuma yake, mama yake alikuwa anaomba.

Mwanzo tulikuwa wabaya sana. Kila mtu alikuwa anakimbia kwake, na akianguka anaanza kulia, "Njooni, njooni, mnaniacha," bila kusema yuko wapi. Wanjiru ndiye alitunyoosha. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta tangu mtoto, anajua kupanga vitu. Akasema, "Mnisikize, wazee. Kuanzia leo mtu aseme anachoona, sio anachotaka. Usiniambie ati twende tukawamalize. Niambie umeona wangapi na wako wapi. Ukianguka, sema umeangukia wapi, halafu unyamaze. Na mwenzako akisema kitu, jibu nimesikia. Hata kama huendi. Sema tu nimesikia, ndio ajue haongei na ukuta." Kioko akamuuliza, "Na kama sijasikia?" Wanjiru akasema, "Basi utasikia ukifa." Tukacheka, lakini tukashika. Tukatoa majina ya kisiwa yale ya kigeni tukaweka yetu. Kile kijiji cha juu kikawa Zombe, daraja likawa Kwa Chifu, na ile nyumba ndefu ambayo watu walikuwa wanafia sana tukaiita Maternity, wodi ya kujifungua, hata leo sijui kwa nini. Mutinda akaanza kurekodi michezo yote kwa simu yake, sauti na picha, ili Jumapili baada ya kanisa mtu akitaka aangalie makosa yake. Baada ya miezi mitatu ukiniambia "wawili Kwa Chifu, mmoja ameketi," nilikuwa najua mpaka mahali Kioko anageukia bila kuangalia. Sijawahi kufanya kazi na watu namna hiyo tena. Kwa harusi nina watu wa muziki nimekaa nao miaka minne na bado wananiwekea wimbo wa bibi harusi wakati wa kukata keki.

Na kulikuwa na chakula. Watu hawakumbuki hii, kwamba sisi wanne tulikuwa tunakula pamoja. Wanjiru alikuwa anakunywa chai na mandazi nyuma ya kaunta, unasikia akitafuna, unasikia mamake akimuuliza kwa Kikikuyu kama ameona mteja. Mutinda alikuwa na maziwa ya mgando kwa kibuyu, akimeza unasikia mpaka Migwani. Mimi nilikuwa na mihogo. Lakini kwa Kioko ndiko kulikuwa na chakula cha kweli. Mama yake alikuwa anampikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na mbaazi, akimwekea sahani karibu na maiki, kijiko kikigonga, na yeye anatusalimia sisi wote kwa simu kama tumeketi kwa viti vyake. "Posho wa Migwani, umekula?" "Nimekula mihogo, mwaitu," namjibu, ndiyo mama kwa Kikamba. "Mihogo si chakula, mwanangu. Hiyo ni ya kungojea chakula." Na kwa Mutinda, "Mbuzi zimekunywa maji?" Na Mutinda, mtu ambaye alikuwa anaongea maneno sita kwa siku, alikuwa anamwambia mbuzi gani anaumwa na wapi.

Sasa niseme juu ya hayo maombi. Mama Kioko alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa kanisa lao, na walikuwa wamekubaliana saa tisa kila mmoja aombe kwa sauti akiwa nyumbani kwake, wote wakati mmoja. Yeye ndiye alikuwa anapewa mizigo. Yaani mmoja wao akiwa na jambo ambalo hawezi kuliambia mtu, alikuwa anamwambia yeye pekee, naye analipeleka mbele za Mungu na halitoki hapo. Kioko alituambia kuna akina mama wanatembea kutoka ng'ambo ya mto kuja kumnong'oneza jambo moja halafu wanarudi. Mama mwenyewe hakujua maiki inaweza kubaki wazi. Alikuwa anajua Kioko anaongea na marafiki, lakini saa tisa ikifika Kioko alikuwa anazima maiki yake, na hiyo ilikuwa heshima ya nyumba. Ila kwa vita kidole kiko kazini, na mara nyingine Kioko alikuwa anasahau. Basi tulikuwa tunasikia. Tulikuwa tunasikia na hatusemi, sisi wote, bila kukubaliana. Wanjiru akisikia mama amefika kwa majina alikuwa anasema tu, "Ameni, maiki," na Kioko anazima.

Siku moja Wanjiru hakuwepo, alikuwa amepeleka mtoto wa dada yake kliniki. Tulikuwa watatu, tumebanwa ndani ya Maternity, risasi zinaingia kila dirisha, na nyuma ya Kioko mama amewaka. "Mpige adui, Baba. Mpige miguu asikimbie." Na Kioko anapiga. "Mpige mikono asishike." Kioko anapiga. Ilikuwa kama mama anampigia hesabu. "Mpige mdomo asiseme." Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Na umkumbuke Nzilani, Baba. Anawaambia watu bwana yake yuko kazini Mombasa, na wewe unajua ameoa huko na harudi." Lakini hayo ya mwisho hatukuyasikia vizuri siku hiyo, kwa sababu hapo hapo bomu liliangukia nyumba, likatuua wote watatu. Tulicheka mpaka nikaanguka kutoka kwa magunia. Kioko naye alicheka. Akasema, "Sasa mama ameita bomu."

Jioni nikamwandikia Mutinda anitumie ile rekodi. Akauliza, ya nini. Nikasema nataka kuangalia makosa yangu. Akanitumia.

Nataka kueleza hii polepole, kwa sababu nimeieleza haraka kichwani mwangu miaka saba. Nilikuwa na ka-programu ka kukata video kwa simu. Nikaikata ikabaki nusu dakika, mama anasema mpige, Kioko anapiga, mpige, anapiga. Ilikuwa inachekesha. Hata leo, na nisamehewe, inachekesha. Lakini lile bomu lilikuwa linachelewa. Kwa mchezo wa kuchekesha, kitu kikichelewa kimekufa. Mama akisema "asiseme," bomu lilitakiwa lije hapo hapo, na lilikuwa linakuja sekunde mbili baadaye, juu ya jina la Nzilani. Rekodi ya Mutinda ilikuwa na sauti zetu kivyake na za gemu kivyake, basi nikalihamisha. Nililishika kwa kidole chenye unga nikalivuta nyuma sekunde mbili, likakaa pale pazuri kabisa. Na baada ya bomu ikabaki kimya, na ndani ya hiyo kimya sauti ya mama ikatoka safi, ikataja jina, ikataja Mombasa, ikataja harudi. Niliisikia. Nilijiambia Ukambani kuna Nzilani wengi kuliko mbuzi. Na niliiacha kwa sababu ile sauti ya upole baada ya kishindo ndiyo iliyokuwa inamaliza kicheko. Ningeweza kukata hapo. Kidole kilikuwa hapo hapo.

Nilituma kwa vijana wa Migwani, watu kumi na mmoja. Nilikuwa nataka wacheke. Sababu nyingine hakuna, nimeitafuta.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili video ilikuwa imefika Kalamba, na ilifika kanisani kabla ya mhubiri. Jumatatu saa nane tuliingia kwa gemu sote wanne, na nyumba ya Kioko ilikuwa kimya. Hakuna kijiko, hakuna sahani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tuende mji wa Wote, kwa sababu tulikuwa tumepita mpaka fainali za vijana wa kaunti mbili, zingechezewa kwa ukumbi, na hiyo ndiyo ingekuwa mara yetu ya kwanza kuonana. Wanjiru alikuwa ameshanunua tishati nne nyeusi, mgongoni zimeandikwa Mbuzi, Honi, Ameni, Posho.

"Mama yuko?" Wanjiru akauliza.

"Yuko. Ameketi tu," Kioko akasema. "Akina mama walikuja jana baada ya ibada. Walisimama mlangoni, hawakuingia. Mmoja akamuuliza, kwani sisi tumekuwa tukikuambia wewe ama tumekuwa tukiambia redio. Nzilani amefunga kibanda chake. Jina lake lilikuwa kwa ile video. Nani alirekodi?"

Nilikuwa nasikia mbuzi wa Mutinda.

"Mutinda ndiye hurekodi," Wanjiru akasema, pole pole, kama mtu hataki.

"Mimi narekodi ya mazoezi," Mutinda akasema.

"Ulimtumia nani?"

Na Mutinda hakutaja mtu. Alikuwa mtu wa namna hiyo, alikuwa ananipa nafasi niinuke mwenyewe. Alisema maneno mawili tu. "Posho, sema."

Hakukuwa na mteja kwa kibanda. Nataka hilo lijulikane. Hakukuwa na mama, hakukuwa na debe, mahindi hata punje moja kwa mdomo wa mashine. Niliinuka kwa magunia nikabonyeza swichi, na kisiagi kikanguruma kitupu. Ukikiwasha bila kitu ndani kinapiga kelele ya kuumia, na mzee alikuwa amenikataza kwa sababu kinaharibu nyundo za ndani. Nilikiacha kikaumia. Nilisimama hapo na masikio yangu yamevaliwa nikitazama ukuta ukitetemeka na unga ukidondoka kutoka kwa mabati juu ya kichwa changu, mpaka nikahesabu nikaona muda umetosha. Nikazima.

"Pole," nikasema. "Kulikuwa na mteja."

Kioko akasema, "Posho, wewe ndiye admini. Mtoe."

Nikamtoa. Ni kubonyeza mara mbili tu, na mara ya pili simu inakuuliza kama una hakika. Mutinda alikuwa bado kwa maiki wakati nafanya hivyo. Halafu ule upepo wa Zombe ukakatika, na nilikuwa sijui kwamba tumekuwa tukiusikia mwaka mzima mpaka ukaisha.

Tulimtafuta mtu wa nne, kijana mmoja mwenye mkono mzuri sana, lakini hakuwa anasema nimesikia. Kwa sababu tulikuwa tumebadilisha mtu, wakatuambia tucheze tena mchujo wa mwisho kwa simu kabla ya kwenda Wote, tukapigwa vibaya raundi ya kwanza tu. Wanjiru akasema tupumzike wiki moja. Hiyo wiki ndiyo imeisha juzi.

Sasa fikiria mimi nafika Kalamba siku ya mazishi, na spika zangu mbili na koti langu la kazi. Hema limeshasimamishwa, sufuria ziko motoni, na boma ni lile lile nililokuwa nalijua kwa masikio. Niliingia sebuleni kwa Kioko nikakuta meza, dirisha, na kiti cha mama kiko hatua tatu kutoka kwa ile pembe Kioko alikuwa anachezea simu. Hatua tatu. Kwa masikio nilikuwa nimedhani ni chumba kingine. Kioko alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Wanjiru alikuwa na mtoto mgongoni na alinikumbatia akasema, "Posho, kumbe wewe ni mwembamba hivi, na huo unga wote." Na kwenye kona, amevaa koti la mtu mkubwa kuliko yeye, kulikuwa na mtu ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakuhitaji kutajwa jina.

Tulikunywa chai sisi wanne, mara ya kwanza. Kioko akaweka kikombe chini akamwangalia Mutinda. Akasema, "Kuna kitu mama aliniagiza. Nilikasirika na wewe muda mrefu, siwezi kudanganya. Lakini yeye hapana. Kutoka ile wiki aliacha kuomba kwa sauti, na wale wenzake pia, mpaka leo saa tisa wanafunga midomo. Lakini mimi nilikuwa namuona midomo ikisonga, na jina lako nalijua likitoka. Kila siku, Mutinda wa Zombe, asihesabiwe kosa. Hata hospitali, wiki ya mwisho. Aliniambia nikikuona nikuambie."

Mutinda aliangalia chai yake. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki yote, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta mlango kwa macho. Akasema, "Nimesikia." Akaongeza sukari.

Baadaye Mutinda alinikuta nje nyuma ya tanki la maji, nikiunganisha waya za spika. Yeye siku hizi huchanja mifugo, na ana ule utulivu wa mtu anayeshika mnyama mwenye hofu. Akanishikia waya.

"Miaka saba ya maombi, Posho," akasema. "Yote yako. Mimi nilikuwa napokea tu kwa niaba, kama mzigo wa jirani. Nimekuwekea vizuri. Uniambie nikutumie wapi."

Hakuwa anacheka, na hakuwa amekasirika. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilisema. Nilikuambia sema."

Nikashika maiki. Mimi ni mzuri kwa hiyo kazi, na siku hiyo nilikuwa mzuri zaidi, watu walilia mahali pa kulia na wakatabasamu mahali pa kupumua. Na kwa orodha kulikuwa na nafasi ya marafiki wa Kioko. Nilikuwa nimepanga hapo ndipo niseme ukweli, mbele ya wote, na najua ningesema vipi, najua mahali pa kunyamaza, najua wangenisamehe wote, na wengine wangenipigia makofi. Nilifungua mdomo. Halafu nikaangalia saa yangu kwa sababu ya ratiba, ikawa saa tisa kasoro kidogo, na nikawaona wale akina mama wa kikundi, kama kumi na tano, wamevaa leso za rangi moja, wameanza kusimama mmoja mmoja bila kuitwa. Walisimama karibu na kaburi. Wakafunga macho na wakafunga midomo. Kwa kanisa ambalo watu huomba mpaka shingo zinatoka mishipa, hakuna sauti hata moja iliyotoka, midomo tu inasonga kidogo. Watoto walinyamaza wenyewe. Na mimi nimesimama na maiki mkononi, taa yake ndogo nyekundu inawaka, imeelekea kwao. Nikaona ninachotaka kufanya. Nilikuwa nataka kumtaja Nzilani kwa spika mbili kubwa, mara ya pili, ili mimi nipone. Nikaizima. Nikaiweka chini kwa majani.

Nilimwambia Kioko watu wakiwa wanakula, kando ya lile tanki, bila maiki. Nilimwambia nilivyoomba rekodi, na bomu lilikuwa wapi mwanzo na nililipeleka wapi, na kwamba hakukuwa na mteja. Sikuweka mahali pa kucheka. Alikuwa ameshika sahani ya muthokoi na aliishika hivyo hivyo mpaka nikamaliza. Niliona akirudi nyuma kichwani, akilisikia tena lile "Posho, sema," na ile kelele ya kisiagi iliyofuata.

"Nimesikia," akasema.

Kwa kikosi chetu hiyo haikuwa na maana ya nakuja. Ilikuwa na maana ya nimesikia tu. Alienda akamtafuta Mutinda, nikawaona mbali wakisimama wakiangalia chini wote wawili, na kwangu hakurudi. Wakati nilikuwa napakia spika alikuja mara moja, akashika mlango wa gari. "Nzilani hauzi tena hapa," akasema. "Alihamia kwenu. Kitui mjini, nyanya, meza ya pili ukiingia kwa geti la chini la soko."

Miaka saba alikuwa karibu nami kuliko na kanisa lake. Miaka hiyo yote nilikuwa napita hilo geti nikienda kukodisha viti.

Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza nikanunua nyanya za kilo mbili. Ni mama mrefu, mikono haraka, hatazami mtu sana. Mara ya pili nikanunua kilo tatu na dania. Nyumbani wameanza kuniuliza kama nafungua hoteli. Jana nilienda tena, nikasimama, nikaonyesha kwa kidole, na akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mwanangu, hizi nyanya zote unapikia nani?"

Nilikuwa na majibu ya kuchekesha, matano, yamepanga laini. Nikayaacha yapite.

"Mwaitu," nikasema, "mimi naitwa Posho. Niko hapa."

Akainua macho. Nikamwambia nimeangukia wapi, kwa ile video, kwa jina lake.